Kingamwili za miaka 65 zinatoka wapi?

Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, na visiwa hivyo havikuwa vimeiona surua tangu 1781. Kati ya watu karibu 7,800 waliougua ni zaidi ya 6,000, tena ndani ya miezi michache tu. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, akatumwa kwenda kuangalia, na kati ya mambo aliyoyaandika kuna moja ambalo kila nikilifikiria nashangaa upya: wale wazee waliowahi kuugua surua ya 1781 hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Miaka 65 imepita, kirusi hawajakutana nacho, na bado mwili unakikataa.

Sasa jamani tufikirie kidogo. Kingamwili ni zile protini za mwili zinazoshika vijidudu, na za aina ya IgG ndo nyingi kuliko zote kwenye damu, na nusu yake huwa inaisha kila baada ya wiki tatu hivi. Ni protini tu, haizaliani, inachakaa inavunjwa basi. Kwa hesabu hiyo mwili ukiacha kuzitengeneza, baada ya mwaka hakuna cha maana kilichobaki. Kwahiyo ukisikia mtu "ana kingamwili" za ugonjwa wa zamani ujue kuna mahali zinatengenezwa mpaka leo, na hiyo sehemu ndo watu hawaiongelei kabisa, wanaongelea kingamwili kama vile zipo zenyewe.

Zinatoka kwenye seli B, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Hizi zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, na kila moja ikiwa inakua inachanganya vipande vya jeni zake kwa namna yake, inaunganisha hiki na kile, vingine inavitupa, mpaka inapata umbo moja la kipokezi, yaani kile kishikio cha juu ya seli ambacho baadae kinamwagwa kama kingamwili, umbo ambalo karibu hakuna mwenzake analo. Aliyeonyesha hilo ni mwanasayansi Susumu Tonegawa, akapewa Nobeli 1987. Maana yake ni kwamba mwili hausubiri ugonjwa uje ndo uanze kutafuta dawa yake, unatengeneza mamilioni ya maumbo tofauti kabla, mengi hayatatumika maisha yote, lakini moja wapo litashika hata kirusi ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Kwangu mimi hii ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye baiolojia, na naimaanisha.

Kirusi kikiingia, vipande vyake vinafika kwenye tezi za limfu, na ile seli B ambayo kipokezi chake kimekishika inaamka, ikipata idhini ya seli T saidizi, seli nyeupe nyingine za damu, inaanza kugawanyika. Baadhi ya watoto wake wanageuka haraka kuwa seli za plazma na kutoa kingamwili za aina nyingine, IgM, ambayo sio kali sana kwenye kushika ila inawahi. Wengine wanabaki ndani ya tezi na wanafanya kitu cha ajabu, wanabadilisha jeni za kingamwili zao makusudi, herufi moja moja, halafu wanashindanishwa, anayeshika kirusi vizuri zaidi anaishi na aliyeshindwa anakufa, wiki kwa wiki. Ndo mana kingamwili za mwezi wa pili huwa bora kuliko za wiki ya kwanza.

Seli ya plazma yenyewe ni seli B iliyoacha kila kitu kwa ajili ya kazi moja. Haigawanyiki tena, ndani imejaa mitambo ya kutengeneza protini, na inamwaga maelfu ya kingamwili kila sekunde. Hizo kingamwili mara nyingi hata haziui zenyewe, zinaziba sehemu ambayo kirusi kinashikia seli, au zinakiwekea alama ili seli zinazokula vijidudu zikione. Nyingi ya seli hizi zinakufa ndani ya siku chache. Ila chache zinasafiri mpaka kwenye uboho, zinapata nafasi, zinalishwa na seli za pale, na zinakaa miaka, hata miongo, zinaendelea kumwaga kingamwili adui awepo asiwepo. Utafiti wa 2008 uliwapima watu waliokuwa hai wakati wa homa ya mafua ya 1918 na bado walikuwa na kingamwili za kile kirusi, miaka 90 baadae!

Pembeni yao kuna seli B za kumbukumbu. Hizi hazimwagi chochote, zinasubiri, zikikutana na adui zinageuka kuwa plazma ndani ya siku chache tu. Kwa ugonjwa kama surua ambao unachukua kama siku 10 mpaka dalili zitoke zinapata muda wa kuwahi, ila kwa mafua yanayoanza baada ya siku moja au mbili zinaweza kuchelewa na hapo utategemea kingamwili ambazo tayari zipo. Ndo mana naumia nikiona mtu anaogopeshwa kwamba kingamwili zimeshuka baada ya chanjo kwahiyo chanjo haifanyi kazi. Lazima zishuke, zile plazma za muda mfupi zimekufa, cha kuangalia ni zinatulia kwenye kiwango gani na kumbukumbu ipo au haipo.

Ukitaka kuona kingamwili bila seli zake zinakuwaje muangalie mtoto mchanga. Mama anampitishia IgG kupitia kondo la nyuma, lakini hampi seli za kuzitengeneza, kwahiyo zinapungua mwezi hadi mwezi mpaka zinaisha. Na zikiwa bado zipo zinaweza kukidaka kirusi dhaifu cha chanjo ya surua kabla seli B za mtoto mwenyewe hazijajifunza kitu, ndo sababu kubwa chanjo hiyo kwa kawaida inasubiri mtoto afike miezi 9, na pale ambapo surua ni adimu, miezi 12.