Siku moja ya mkandaji wa wazazi: Mbagala hadi Magomeni, Dar es Salaam

Kuna wanaonidhania mganga, na kuna wanaonidhania dada wa kazi aliyezeeka. Siko huku wala huko. Nyumba ikipata mtoto naitwa: naogesha kichanga, namkanda mzazi, namfunga tumbo, naangalia wote wawili wanakula na kulala, mpaka arobaini iishe. Jana ilikuwa hivi.

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, nimekunywa chai ya rangi na kiporo cha wali, nimepanda daladala kituo cha Rangi Tatu, Mbagala. Nimesimama njia nzima.

Saa 1 asubuhi. Mzazi wangu wa sasa yuko Magomeni, uzazi wa kwanza, mtoto ana wiki 2. Mama yuko kwenye likizo yake ya siku 84. Baba alipewa zile 3 za kisheria, akazimaliza kwa kupokea wageni, amerudi kazini.

Nimemkuta mama macho mekundu. Juu ya friji amebandika ratiba aliyoitoa kwenye simu: kunyonya saa 1, saa 4, saa 7, na kuendelea. Mtoto kanyonya saa 8 usiku, saa 9 na nusu, saa 11.

"Bibi, amekataa ratiba."

"Mwanangu, hajaikataa. Hajui kama ipo."

Kichanga wa umri huu hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na hazipangiki kwa saa. Kinachopangika ni mfuatano. Akiamka anyonye, acheue, abadilishwe nepi, aongeleshwe kidogo akiwa macho. Akianza kupiga miayo alazwe, chali, bila mto. Mchana pazia liwe wazi na sufuria zigongane tu. Usiku taa hafifu, anyonye, arudi kulala, pasiwe na stori. Ukiyarudia hayo kila siku, polepole naye anaanza kuyazoea. Ratiba sikuibandua. Friji si langu.

Saa 2. Kuoga. Hapa ndipo watu husema, "si kumwagia maji tu?" Funga dirisha kwanza, upepo usipite. Maji niliyapima kwa kiwiko, maana viganja vyangu vimeshazoea moto na havisemi kweli. Nikamfuta uso kwa kitambaa kisicho na sabuni, macho kutoka puani kwenda nje. Kichwa kikalala kwenye mkono wangu wa kushoto, vidole vikamshika kwapani. Nikamwonyesha mama mkunjo wa shingo: maziwa yaliyoganda, meupe, yameanza kunuka, na ngozi chini yake imekuwa nyekundu. Ndiyo maana alikuwa analia akigeuzwa kichwa. Nikaosha taratibu, nikakausha bila kusugua. Kitovu kimeshadondoka, kiko safi na kikavu, sikukipaka kitu.

Kisha zamu ya mama. Maji yangu ni ya vuguvugu, mgongo na miguu. Zamani walikanda kwa maji ya kubabua, na nimeziona ngozi zilizobabuka. Aliyepasuliwa tumbo simgusi tumboni. Kanga naifunga apumue.

Saa 7 mchana. Mtoto kalala, mama kalala, na mimi ndiyo nimekaa nitie tonge mdomoni. Hodi! Shangazi wa mume.

Hakuketi. Alienda moja kwa moja chumbani, akamnyanyua mtoto. "Mbona amekonda hivi?" Nikamwambia vichanga hupungua siku za mwanzo kisha hurudi, huyu uzito wa kuzaliwa ameshaufikia, kadi ya kliniki hiyo hapo. Kadi hakuigusa. "Ana kiu huyu. Midomo mikavu." Akafungua pochi, akatoa kichupa cha maji ya glukosi na mvuje, ile dawa ya asili ya harufu kali, uliofungwa kwenye karatasi. Chumba kizima kikanuka.

Mkwe huwezi kumjibu shangazi wa mume, kwa hiyo mama alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema, "Dada, maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, miezi 6 yote. Kojo lenyewe linasema, nepi za leo hizo kwenye ndoo." Akanijibu yeye kalea saba. Nikamwambia hongera, Mungu amewakuza. Akasema vijana wa siku hizi wanasikiliza simu. Nikamwambia hata mimi simu zinanikera. Tukaenda hivyo mpaka mtoto akaanza kulia mikononi mwake, naye akasema, "Unaona? Kiu!"

Nikamchukua nikamweka kwenye ziwa. Akanyamaza papo hapo. Shangazi naye akanyamaza, kidogo. Mwisho tukapatana: mvuje ukafungwa kitambaani, ukatundikwa mlangoni, mdomoni mwa mtoto hakiingii kitu. Nikamwomba atupikie uji wa pilipili manga, maana wa kwake unasifiwa ukoo mzima (nilibuni hiyo). Akaenda jikoni akiimba. Wali wangu ulikuwa umepoa.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nilifua nepi kwa mkono, nikaanua, nikakunja, nikamkanda mama mara ya pili, mtoto akacheulia gauni langu la kutokea. Kiuno kilikuwa kinawaka moto. Kigiza kilipoingia nikamwachia mama maneno yaleyale ninayomwachia kila mzazi: mtoto akiwa na homa, akigoma kunyonya, akihema mbiombio au kitovu kikitoa usaha, ni hospitali saa hiyohiyo, usinisubiri mimi.

Ndani ya daladala simu ikaita. Mwanamume, mkewe anatarajia mwezi ujao, anauliza bei. Nikamtajia.

"Kuogesha mtoto tu, mama?"

Nikamwambia ile likizo yake ya siku 3 asiimalize kwa wageni. Siku ya kwanza ataogesha yeye, mimi nitakaa kwenye kiti nimtazame. Bei tutaongea kuanzia hapo.