Chupa ya Nusu Lita ya Fundi wa Keko

Fundi samani mmoja wa Keko, Dar es Salaam, alikuja kliniki na mfuko wenye pampu nne za kuvuta dawa ya pumu: tatu za bluu, zote tupu, na moja ya kahawia. Zote alizimaliza au kuzianza ndani ya miezi mitatu. Pampu moja ya bluu ina mipulizo 200, na mtu anayemaliza tatu kwa mwaka mzima tayari yuko kwenye hatari ya kubanwa vibaya. Nikachukua ile ya kahawia, nikasoma kidirisha cha mipulizo iliyobaki: 168 kati ya 200. Kwa dozi aliyoandikiwa, mipulizo 2 asubuhi na 2 usiku, ilipaswa kuisha siku ya 50. Alikuwa ametumia siku nane tu, akaacha.

"Daktari, hii hainisaidii. Nikibanwa nikaivuta, kifua hakifunguki. Na mtaani wanasema ukishaizoea, huiachi tena."

Hakuwa mkaidi. Aliipima kwa kipimo cha ile ya bluu, ambayo hulegeza misuli ya mirija ya hewa kwa dakika chache. Ya kahawia, beklometasoni, hushusha uvimbe ulio ndani ya mirija, na uvimbe huo upo hata siku ambayo mgonjwa anajiona mzima. Nikamwambia kwa lugha ya kazi yake: ubao mbichi haukauki kwa kuanikwa asubuhi moja. Dawa hii huhitaji siku na wiki, kila siku. Haina uraibu, ukiiacha, uvimbe unarudi.

Kisha nikamwomba avute mbele yangu, maana maelezo ya mdomo hayaonyeshi kila kitu. Hakuitikisa pampu. Alibonyeza kwanza, ndipo akavuta, na ukungu wa dawa ukatokea pembeni mwa midomo. Nilipommulika kooni niliona madoa meupe kwenye kaakaa: fangasi. Dawa ilikuwa inatua mdomoni badala ya kufika kifuani, naye hakuwa akisukutua. Koo likamuuma, na hilo nalo lilimwachisha dawa, ingawa hakulitaja.

Tulitengeneza chemba, yaani chombo cha kupitishia dawa kati ya pampu na mdomo, kwa chupa ya maji ya nusu lita. Tulipasha moto waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, tukayeyusha tundu kwenye kitako cha chupa, tukachomeka pampu na kuziba kingo kwa plasta ili hewa isivuje. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na tundu likabana barabara. Chupa huoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo kabla ya kutumika, kisha huachwa ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na dawa hung'ang'ania ukutani mwa chupa.

Akarudia: tikisa, toa pumzi, funga midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta taratibu hadi mwisho, zuia pumzi mpaka hesabu ya kumi. Subiri nusu dakika, tikisa tena, mpulizo wa pili. Sukutua, tema. Safari hii hakuna ukungu uliotoka nje.

Tuliongea pia juu ya karakana. Vumbi la mvule linajulikana kuchochea pumu, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe ndogo. Alikubali kupigia msasa nje na kulowesha sakafu kabla ya kufagia.

Ramadhani ilikuwa inakaribia, akauliza atafanyaje. Ya kahawia ni mara mbili kwa siku: baada ya futari, na wakati wa daku. Akibanwa mchana, atumie ya bluu bila kusubiri magharibi, mipulizo 4, mmoja mmoja kupitia chupa. Asipopata nafuu baada ya dakika 20 arudie, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Kuhusu kuilipa siku hiyo, aliniambia atamuuliza shehe wake. Nikamwandikia yote kwenye karatasi, akaikunja akaitia kwenye mfuko pamoja na chupa.