Mstari mwekundu ni upi?

Mwalimu alikuwa ameshamaliza kuchora grafu yake akaiangaza ukutani kwa projekta. Mistari miwili ilikuwa inapanda pamoja kutoka kushoto kwenda kulia, imekaribiana mno. Mmoja ulikuwa wa hewa ukaa inayopimwa mlimani Mauna Loa, Hawaii, na mwingine wa ile inayopimwa Ncha ya Kusini. Vipimo vya Mauna Loa vilianzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958, vikiwa takriban sehemu 315 katika kila milioni. Leo vituo vyote viwili vimevuka 400.

"Angalieni," akasema, "mwekundu ndio unaotangulia. Kwa nini?"

Wenzangu wakaanza kunong'onezana majibu. Mimi nilinyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu, mstari mwekundu ni upi?"

Darasa likacheka, wakidhani nafanya mzaha. Sikuwa na mzaha. Macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani. Nimezaliwa hivyo, na mistari yote miwili niliiona ya rangi ya udongo. Ufunguo wa pembeni haukunisaidia, kwa sababu nao ulikuwa na vistari viwili vya udongo uleule, kimoja juu ya kingine. Hali hii si ya ajabu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, inawapata wanaume wapatao 8 katika kila 100.

Mwalimu hakucheka. Alifungua msimbo wake wa kompyuta, na hapo nikaona herufi mbili tu, r na g, yaani nyekundu na kijani kwa Kiingereza, ameziweka kwa mkono wake kwenye plot, amri ya kuchora mstari. Kinachochekesha ni kwamba angeiacha Matplotlib, programu aliyotumia kuchora grafu, ijichagulie rangi, nisingekuwa na la kuuliza. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017, mstari wa kwanza hutoka wa buluu na wa pili wa rangi ya chungwa, na hizo mbili mimi nazitofautisha bila shida. Akazifuta zile herufi, akaendesha upya, nami kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Mauna Loa ndiyo iliyo juu. Sasa hata swali lake nililiweza: viwanda na magari mengi yako nusu ya kaskazini ya dunia, na hewa huchukua muda kuchanganyika hadi kufika kusini.

Lakini alikuwa ameshaingiwa na ari. Akageuza projekta ionyeshe bila rangi kabisa, kijivu kitupu, akatuambia tuitengeneze grafu isomeke hivyohivyo. Hilo lilikuwa zoezi bora kuliko yote aliyokuwa ametuandalia.

Mmoja akapendekeza alama ya duara kwenye kila mwaka. Tukaijaribu, na kwa kuwa miaka ni zaidi ya 60, mistari ikageuka majongoo wawili waliolaliana. Tukaziondoa. Mwingine, dada aliyezoea takwimu, akashikilia kwamba mhimili wa wima lazima uanzie sifuri, la sivyo tunadanganya watu. Tukabishana kweli. Tulipouanzisha sifuri, pengo la vituo viwili likafumba, mstari ukabaki kama mmoja, na nusu kubwa ya picha ikawa tupu. Mimi bado naamini kanuni hiyo ni ya grafu za nguzo, maana nguzo husomwa kwa urefu wake. Mstari husomwa kwa mwinuko na umbo. Tukaanzia 310, tukaandika vipimo wazi pembeni. Dada hakuridhika sana.

Kilichofanya kazi ni linestyle, yaani mtindo wa mstari. Ncha ya Kusini tukaipa mstari wa vipande, Mauna Loa ukabaki mzima, unene tukaupandisha kutoka 1.5 ya kawaida hadi 2.5. Kuna jambo moja dogo hapa: miaka ya mwanzo mistari hiyo karibu inagusana, kwa hiyo ule wa vipande lazima uchorwe baadaye, uwe juu, vinginevyo ule mzima unaumeza. Kisha tukaufuta ufunguo wote na kuandika jina la kila kituo mwishoni mwa mstari wake, mahali jicho linapoishia. Fremu ya juu na ya kulia nazo tukaziondoa. Hazikuwa zinasema lolote.

Mwalimu akairudisha rangi. Grafu ilikuwa imependeza zaidi ya ile ya mwanzo, na rangi zenyewe zilikuwa hazihitajiki tena.

Kesho yake alinitumia grafu zake nyingine zote za mafunzo nizikague kabla hajazionyesha. Nyingi nilizipitisha. Ya joto la bahari, yenye mistari mitano na ufunguo wa rangi tano, niliikataa.