Meza ambayo hakuna aliyeigusa

Shangazi yangu anauza chakula Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya 12. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza siku akipatikana. Meza sita, pangaboi moja. Mwezi uliopita nilimwomba niwaulize wateja wake wanapaonaje mahali penyewe, chakula tukiache. Akasema, "Waulize mwanangu, ila wali wao usipoe."

Nilianza na kipimo kinachoitwa DINESCAPE, cha watafiti Kisang Ryu na SooCheong Jang, kilichochapishwa mwaka 2008. Kina sentensi 21 katika mafungu sita: urembo wa ndani, hali ya ndani (joto, harufu na muziki), mwanga, vyombo vya mezani, mpangilio wa viti, na wahudumu. Mteja anasoma sentensi, anatoa namba kuonyesha anaikubali kiasi gani. Nakipenda kwa sababu kinachambua, hakiishii kwenye "pazuri" na "pabaya". Lakini kilitungwa kwa migahawa ya gharama ya Marekani, yenye picha ukutani. Kwa shangazi meza zimefunikwa nailoni ya maua, na mtu ananawa kwenye ndoo yenye koki. Kunawa hakumo kabisa katika zile 21.

Siku ya kwanza watu 14 walijaza. Karibu wote walinipa 7, namba ya juu kabisa, kuanzia sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni adabu: umekula kwa mtu, mtoto wa kaka yake kakusimamia na kalamu, utaandika nini? Mzee mmoja mvuvi alinirudishia karatasi huku anajifuta macho. "Mjukuu wangu, mgeni hasemi kwamba nyumba ya mwenyeji ina moshi."

Usiku ule nilichora ramani ya mgahawa kwenye karatasi moja: meza, mlango, jiko, ndoo. Kesho yake nikawa nauliza swali moja tu. Umeingia saa saba mchana, meza zote tupu, unakaa wapi? Vidole vikasema. Wengi waligusa meza ya mlangoni, unakopita upepo wa kusi. Akina mama waligusa ile ya pembeni, nyuma ya friji, ambako mtu anakula kwa mkono bila kutazamwa na wapita njia. Meza ya karibu na jiko haikuguswa na mtu. Ya ndoo iliguswa mara moja tu.

Mtafiti wa masoko Mary Jo Bitner aliandika mwaka 1992 kwamba mazingira ya huduma humgusa mfanyakazi kama yanavyomgusa mteja, kwa hiyo nikamwuliza pia binti anayehudumia ni wapi hapendi kusimama. Akaonyesha jiko kabla sijamaliza swali. Kifua, alisema.

Shangazi aliishika ile ramani kwa muda mrefu, mkono mwingine ungali na upawa. "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

Ndoo ilihamia nje ya mlango jioni ileile. Jiko linamsubiri fundi wa bati atutengenezee bomba la kutolea moshi, ameahidi Jumatatu.