Siku Moja Maishani Mwangu: Nachoma Diski ya Kupigia Mfumo

Saa 11 alfajiri. Bando la usiku linakaribia kuisha, kwa hiyo nawahi kuangalia kama faili limeshuka lote. Limeshuka: Linux Mint 22 ya Xfce (mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, katika sura yake nyepesi), faili moja la ISO, yaani picha ya diski nzima, lenye karibu GB 3. Nililiacha likishuka kwa programu inayoendelea pale ilipokatikia, maana mtandao ukiyumba usiku wa manane hakuna wa kuamka kubonyeza upya.

Mafundi wengi hawapakui kabisa. Wanarithishana faili kutoka flashi hadi flashi, na ukiuliza lilitoka wapi utaambiwa "nilipewa na jamaa". Hilo nimelikataa katika kazi yangu. Kitu kinachotangulia kuingia kwenye kompyuta ya mtu ndicho kitakachoona nywila zake, picha za watoto wake na hesabu za duka lake. Lazima nijue kimetoka kwa nani.

Saa 12 na nusu. Chai inachemka huku nahakiki. Watengenezaji wa mfumo hutangaza pamoja na faili lao alama ya SHA256, mstari wa herufi na tarakimu 64. Nafungua terminali (dirisha la kuandikia amri), naandika sha256sum na jina la faili, kompyuta inalisoma lote na kutoa mstari wake. Ikiwa biti moja tu imepotea njiani, mstari unatoka tofauti kabisa. Nalinganisha wote, si herufi za mwanzo na za mwisho tu.

Halafu nahakiki saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali ya watengenezaji, na hapa ndipo wengi wanaponiambia najisumbua bure. Lakini Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye ISO ya toleo la 17.3 Cinnamon iliyopandikizwa programu ya kumruhusu mdukuzi kuingia kwa siri. Mtu aliyeweza kubadilisha kiungo cha kupakulia anashindwaje kubadilisha na mstari wa tarakimu ulio kando yake? Saini haighushiki bila ufunguo wa siri wa watengenezaji. Ni dakika mbili tu za kazi, na sioni sababu ya kuziruka.

Saa 2 asubuhi. Nafungua ofisi, hapa Morogoro si mbali na stendi ya Msamvu. Bajaji inasimama mlangoni, anashuka mwalimu wa sekondari moja ya upande wa Kihonda akiwa na CPU mbili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Hizi za maabara zimebaki kukaa tu. Watoto wanasoma kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni."

Sentensi hiyo inaniuma. Nafungua mifuniko, napuliza vumbi, naangalia. Ni za prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, moja ina RAM ya GB 2 na nyingine GB 4, na zote zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Hazijafa. Mint ya Xfce inataka RAM isiyopungua GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski kuu, kwa hiyo hii yenye GB 2 itapumua kwa shida kidogo na ile yenye GB 4 itafanya kazi vizuri tu.

Namwambia mwalimu nitamchomea DVD. Anashangaa, anadhani DVD zilishapitwa na wakati. Moja ya mashine zake haioni flashi wakati wa kuwaka, ila kisomeo chake cha DVD ni kizima. Na kuna sababu nyingine ninayoiamini zaidi: flashi ya shule itaazimwa, itafomatiwa, itajazwa nyimbo. DVD-R ikishachomwa haifutiki. Miaka miwili ijayo ataikuta kabatini ikiwa na kilekile nilichomwandikia leo.

Saa 4 asubuhi. Kuchoma. Natumia laptopu yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski imekwenda.

Kosa ninalokutana nalo kila mara kwa vijana wanaojifunza ni kuchukua faili la ISO na kuliburuta kwenye diski kama wanavyofanya nyimbo. Ukifanya hivyo unapata diski yenye faili moja ndani yake, na kompyuta haitawaka nayo. ISO ni picha ya diski nzima, kuanzia sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza hadi ya mwisho, na inabidi ichomwe kama picha. Kompyuta inapowaka haitafuti faili lenye jina fulani. BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, inakwenda moja kwa moja sekta namba 17, inasoma hapo anwani ya orodha ya kuwashia, kisha inafuata orodha hiyo hadi kwenye programu ya kwanza. Utaratibu huo unaitwa El Torito, ulitolewa na Phoenix na IBM mwaka 1995, na ndio unaofanya kazi leo hii mezani kwangu. Ukilinakili faili kama wimbo, sekta ya 17 ya diski yako haina kitu cha kuwashia.

Naweka kasi ya 4x, ingawa kichomeo kinaweza zaidi. Visomeo vya mashine za zamani vinasumbuka na diski iliyochomwa haraka. GB 3 zinachukua kama dakika kumi, kisha programu inasoma diski yote upya na kuilinganisha na faili. Hiyo hatua ya pili siiruki hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Saa 8 mchana. Nimeshakula. Anaingia mwanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na laptopu yake.

"Fundi, rafiki yangu kanitengenezea flashi ya kupigia Windows 11, lakini haiwaki kabisa."

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na tangu hapo kazi za namna hii ni nyingi. Laptopu yake inawaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, flashi imetengenezwa kwa mtindo wa BIOS ya zamani, haziwezi kuelewana. Juu ya hapo, UEFI inategemea flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, wakati install.wim, faili kubwa la usakinishaji wa Windows 11, mara nyingi linazidi hapo. Rufus, programu ya kutengenezea flashi za kuwashia, inalimaliza hilo kwa kuweka Windows kwenye NTFS, mtindo mwingine wa kufomati usio na kikomo hicho, na kuongeza kijisehemu kidogo kinachoisaidia UEFI kuisoma. Naingia kwenye mipangilio ya laptopu: TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, ipo, ilikuwa imezimwa tu. Naiwasha.

Kabla ya kugusa chochote namuuliza kuhusu rasimu ya utafiti wake. Iko humohumo, hana nakala. Basi nawasha laptopu yake kwa flashi yangu ya Mint bila kusakinisha kitu, nafungua diski kuu yake, nahamisha folda yote kwenye diski ya nje. Watu wanadhani flashi ya kubuti ni ya kufutia tu. Kwangu ni ya kuokolea kwanza.

Saa 10 jioni. DVD ya mwalimu inaingia kwenye ile CPU yenye GB 2. Nabonyeza F12, nachagua kisomeo, kinanguruma, na baada ya muda eneo la kazi linatokea. Najaribu sauti, mtandao wa waya, kibodi. Vyote viko sawa. Nasakinisha.

Saa 12 jioni. Mwalimu amerudi. Namuonyesha LibreOffice, ambayo ndiyo atakayofundishia kuandika barua na majedwali, nayo haidai leseni. Nimemchomea nakala mbili. Juu ya kila moja nimeandika kwa kalamu ya wino wa kudumu: Mint 22 Xfce, tarehe, "bonyeza F12 wakati wa kuwasha". Kwenye karatasi nimemwandikia kwamba toleo hili linahudumiwa hadi 2029.

"Zipo nyingine sita stoo," anasema.

Namwambia azilete zote, na aje na mwanafunzi mmoja au wawili wanaopenda. Hizo watazipiga wenyewe, mimi nitasimama pembeni.