Mkono wa nne

Jana kitindamimba kaja na beji ya umonita kifuani. Nikamuuliza wamechaguanaje. "Mwalimu alisema atakayewahi kufuta ubao." Nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimemkumbuka farasi wa Darius.

Kidato cha tano, Ijumaa, kipindi cha mwisho, njaa inauma. Mzee Chaki, mwalimu wetu, akatusimamisha saba mbele ya darasa. Sisi ni mabwana wa Uajemi, mwaka 522 kabla ya Kristo, tumemuua aliyejifanya mfalme. Sasa nchi iendeshwe vipi? Mjadala huo kauandika Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, na mwenyewe anakiri wapo Wagiriki wasioamini kuwa Waajemi walisema maneno yale. Yeye kang'ang'ana: walisema.

Mimi nilikuwa Otanes. Nikatetea utawala wa wengi: vyeo vitolewe kwa bahati nasibu, mwenye cheo atoe hesabu, mambo yaamuliwe na watu wote. Mfalme hufanya atakalo na hakuna wa kumuuliza! Megabyzus akataka wachache walio bora. Darius akataka mmoja tu. Tawala nyingine, akasema, zote zitaishia kwenye ufalme.

"Ninyi wanne mliokaa kimya, mko na nani?"

Mmoja nilimhesabu wangu. Tulikaa dawati moja, na asubuhi ile tuligawana muhogo wa kukaanga. Mkono wa kwanza ukaenda kwa Darius. Wa pili. Wa tatu. Mwenzangu akatazama dirishani, akajikuna shingo, na mimi nikashusha pumzi: anajikuna tu. Mkono haukurudi chini. Ulipita sikio, ukapita kichwa, vidole bado vinang'aa mafuta.

Ufalme ukapita kwa kura. Hilo nililiona miaka mingi baadaye. Siku ile niliona vile vidole tu.

"Otanes akafanyaje?" Sikujua. Mzee akajibu mwenyewe: alijitoa, hataki kutawala wala kutawaliwa, yeye na kizazi chake. Nikarudi kukaa. Sijui kama ni ushujaa au kususa. Hata leo kwenye vikao vya mtaa hunijia hamu ileile.

Sita waliobaki wakakubaliana wapande farasi alfajiri. Farasi atakayelia wa kwanza jua likichomoza, bwana wake ndiye mfalme. Usiku, mtunza farasi wa Darius akampitisha dume wao pale njiani, alikokuwa amemfunga jike. Kulipokucha, dume alipofika pale tu, akalia.

Wakati wa kulala nikamuuliza monita wangu aliwezaje kuwawahi wenzake wote.

"Dasta nilikuwa nimeikalia."