Maji ya Lami Nairobi, kwa Aliyetoka Pwani

Mtu wa Tanga au Dar akihamia Nairobi huja na macho yaliyozoea hewa ya usawa wa bahari. Huku tuko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, na mazigazi, yaani vitu ambavyo hewa huvionyesha pasipo mahali pake, hayakai pale alipoyazoea.

Tuanze na ya barabarani, yale yanayofanana na kidimbwi cha maji mbele yako. Jua likichoma lami, hewa inayoigusa huwa ya moto kuliko ile ya usawa wa kifua. Hewa ya moto ni nyembamba, na nuru ikipita humo hupinda kurudi upande wa hewa nzito. Basi nuru ya mbinguni inayoshuka kuelekea barabarani hukunjwa kidogo kidogo hadi ikapanda tena na kuingia jichoni. Kile kidimbwi ni kipande cha mbingu. Gaspard Monge alilieleza jambo hili mwaka 1798, alipokuwa Misri na msafara wa Napoleon. Wala si macho yanayokosea: nuru imefika kweli, ndiyo maana hata simu huipiga picha.

Sasa hesabu. Chukua hewa ya kwenye lami iliyozidi ile ya juu yake kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa Nairobi, nuru inaweza kugeuzwa tu ikija kwa pembe isiyozidi digrii 0.3 hivi kutoka usawa wa lami. Ukikaa kwenye gari dogo, jicho likiwa mita 1.2 juu ya lami, maji yanaanza kama mita 230 mbele. Kwenye matatu (daladala kwetu), jicho kwenye mita 2, yanasogea hadi karibu mita 380. Piga magoti kando ya barabara, jicho liwe sentimita 60, nayo yanakuja kwenye mita 115. Kwa lami ya moto vilevile kule Tanga, umbali wote huo ungepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa sababu hewa nzito ya pwani hupinda nuru zaidi.

Ndiyo maana anayeyatafuta kutoka juu ya daraja la waenda kwa miguu haoni kitu. Jicho likiwa mita 7 juu, maji yangeanzia zaidi ya kilomita moja mbele, na kabla ya hapo malori yameshaziba. Upepo nao huyaharibu, maana huchanganya tabaka za hewa. Tafuta barabara ndefu iliyonyooka: ya Namanga ukishapita Kitengela kuelekea Isinya, au ya Mombasa baada ya Athi River. Saa sita hadi saa tisa mchana, Januari au Februari. Julai ni mawingu matupu, usijisumbue. Picha ipigwe na abiria, au na mtu aliyesimama nje kabisa ya barabara; lenga gari la mbali lililo ndani ya "maji", maana kamera ikilenga hewa inayotetemeka hukosa pa kushika. Na ukitaka kujua kama ni maji kweli, angalia matairi ya gari lililotangulia. Maji ya kweli huruka.

Duara kuzunguka jua, ambalo watu hulitumiana kwenye simu kama ishara ya mwisho wa dunia, ni chembe za barafu kwenye mawingu membamba ya juu. Upana wake kutoka jua hadi ukingo ni digrii 22, karibu shubiri moja mkono ukiwa umenyooshwa. Lizibe jua kwa nguzo kwanza.

Linalowashangaza zaidi Watanzania ni Kilimanjaro. Kibo, kilele chake kirefu zaidi, iko kilomita 205 hivi kutoka katikati ya jiji, na wengine hudai kuiona ni uongo wa picha. Si uongo, ila mlima unaouona umenyanyuliwa: hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, nuru inapinda kufuata mviringo wa dunia, na kilele huonekana mamia kadhaa ya mita juu ya pale ambapo mstari ulionyooka ungekiweka. Hata hivyo hakifiki nusu digrii juu ya usawa wa jicho, yaani chini ya upana wa mwezi mpevu. Mlima Kenya, ulio kilomita 137 upande wa pili, hufika karibu digrii moja. Lenzi ndefu ndiyo huukuza mlima nyuma ya maghorofa. Kwa simu ya kawaida utapata kijichuguu.

Panda ghorofa la juu alfajiri, mvua ikishasafisha vumbi, utazame kusini ukiegemea kidogo mashariki. Hakikisha si wingu kwa kutafuta Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, ingawa ni fupi na ukungu huimeza mapema. Lakini usiitafute upande wa kulia kama ulivyozoea kutoka Moshi. Kutoka huku iko kushoto.